Mtoto Naye Achague Nguo Yake ya Kipaimara

(Mada iliyotolewa na Ofisi ya Miradi ya Dayosisi katika semina ya kamati za diakonia za sharika)



Kila msimu wa Kipaimara unapokaribia, sharika hutuletea maombi ya fedha za kuwavika watoto yatima na wale waishio katika mazingira magumu. Ni maombi mema. Mtoto aliyehudhuria mafundisho kwa miaka miwili hapaswi kujificha nyumbani siku hiyo kwa sababu hana viatu. Leo tunapenda kuzungumzia jambo moja tu: ni nani achague nguo hizo?

Njia iliyozoeleka twaijua. Kamati hununua jora la kitambaa, fundi hupewa orodha ya majina na umri, na watoto wote hushonewa mshono mmoja. Bei huwa nafuu na hesabu hufungwa mapema. Lakini tutazame siku yenyewe. Watoto wanaingia kanisani kwa maandamano, na katikati ya wenzao wanaonekana wasichana kadhaa wenye gauni za kitambaa kile kile, mikono ikiwafunika vidole. Kabla hawajatamka ahadi yao ya imani, usharika mzima umekwisha kujua kuwa hao ni watoto wa mradi. Nguo imewatangaza.

Hata Maandiko yanaonyesha kuwa nguo husema. Kanzu ambayo Yakobo alimpa Yusufu, tunayoisoma katika Mwanzo sura ya 37, iliwaonyesha ndugu zake ni nani apendwaye zaidi, na chuki ikaingia nyumbani. Sisi nasi, kwa nia njema kabisa, tunaweza kumvika mtoto vazi linalomtenga na wenzake.

Nchi yetu iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto mwaka 1991, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya kutoa maoni na kusikilizwa katika mambo yanayomhusu. Tukisoma hayo huwa tunafikiria mahakama na mirathi. Kwa mtoto wa miaka 14, nguo atakayovaa mbele ya rafiki zake wote ni jambo linalomhusu sana.

Wengine watauliza: je, akichagua isiyofaa? Kuchagua si kuachiwa ovyo. Tunapendekeza utaratibu huu:

1. Wazee wa kanisa watangaze mapema taratibu za usharika, yaani rangi, urefu na kufunika mabega. Ziwe zile zile kwa watoto wote, wenye wazazi na wasio nao.

2. Mtoto na mlezi waambiwe kiasi kilichopo. Tuseme ni shilingi 50,000. Waende sokoni na mjumbe mmoja wa kamati, na mtoto achague: mtumba safi, nguo ya dukani au ya kushona. Akiamua kununua shati la bei ndogo ili apate viatu imara, uamuzi huo uheshimiwe.

3. Ikiwa ni ya kushona, fundi ampime mtoto mwenyewe. Aache upindo wa kutosha ili gauni lishushwe mwakani. Kamati ikiona ni lazima kununua jora, basi mtoto achague mshono.

4. Mjumbe atunze risiti. Kwa mtumba usio na risiti, hati ya malipo isainiwe na mlezi pamoja na mjumbe.

Utaratibu huu unamheshimu mlezi pia. Bibi anayelea wajukuu akiletewa kifurushi kilichofungwa, anabaki mtazamaji katika sherehe ya mjukuu wake. Akienda naye sokoni, akashika kitambaa na kupatana bei, ni yeye aliyemvika. Na watoto wana busara kuliko tunavyodhani. Wako watakaochagua shati jeupe wakijua kwamba Jumatatu litavaliwa shuleni.

Ndugu wafadhili, nanyi tuna ombi kwenu. Picha ya watoto waliopangwa mstari wakiwa na sare mpya ni rahisi kuiweka katika taarifa, nasi twajua mnapenda kuona matunda ya sadaka yenu. Tunawaomba mpokee badala yake hesabu zilizokaguliwa, idadi ya watoto na maelezo ya jinsi fedha zilivyotumika. Siku ya Kipaimara mkitazama kanisani na kushindwa kumtambua mtoto mliyemsaidia, hayo ndiyo matunda yenyewe.

Kwa hiyo tunaomba kila kamati, inapoandaa bajeti ya msimu ujao, ioneshe kiasi kwa kila mtoto na jina la mjumbe atakayeongozana naye. Gharama ikizidi kidogo ile ya jora, tuijadili kwa uwazi. Pengine tutawavika watoto wachache zaidi kwa mkupuo mmoja, na itatupasa kuchangishana zaidi ili asiachwe hata mmoja.