Uzito wa Kijumba

Huko Marekani wako wengi wapakiao kijumba cha kulala nyuma ya pikapu, wakasafiri nacho na jamaa zao. Husoma kibandiko cha mlangoni mwa gari, wakaridhika. Lakini kiasi kile ni cha watu na mizigo pamoja, tena kwa gari kama lilivyotoka kiwandani.

Tufanyeje, basi? Tujaze tangi la mafuta, tupande sote, twende kwenye mizani. Tuseme gari limeruhusiwa jumla ya kilo 3,200, na mizani yaonyesha 2,650. Zimebaki 550. Muuzaji atuambia kijumba kina kilo 480, twafurahi. Kumbe amekipima kikiwa kitupu! Maji lita 80 ni kilo 80, nasi tumekwisha kupita kiasi kabla ya mtungi wa gesi, magodoro na sufuria (nazo sufuria si nyepesi). Ekseli ya nyuma nayo ina kikomo chake, na matairi vilevile.

Springi za ziada huinua gari lililoinama. Vikomo hivyo hubaki palepale, na breki huchemka mteremkoni watoto wakisinzia kitini. Tuyaache maji, tuyajaze tufikapo. Isipotosha, tukirudishe kijumba, hata kama tumekwisha kutoa arubuni.