Hewa ya Ufipa na Barafu ya Ncha za Dunia



Nimeombwa nizungumzie namna wanasayansi wanavyopima kemikali sugu katika hewa ya ncha za dunia. Mtauliza, Sumbawanga na barafu wapi na wapi? Basi nianzie hapo chini bondeni, kwenye mazalia ya nzige wekundu.

Kati ya 1930 na 1944 nzige waliotoka katika mazalia kama Bonde la Rukwa walitapakaa sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa ikweta. Mwaka 1947 ndege zilijaribiwa huku Rukwa kuwanyunyizia dawa. Mwaka 1949 ikaundwa taasisi ya kimataifa ya kuwadhibiti, makao yake Abercorn, mji tunaouita leo Mbala, ng’ambo tu ya mpaka wetu. Miongoni mwa silaha za vita vya nzige barani Afrika enzi zile zilikuwamo dawa za kuulia wadudu za HCH na dildrini. Zilisifiwa kwamba haziishi nguvu upesi. Sifa hiyo hiyo ndiyo iliyozitia hatiani: dildrini imo katika kemikali 12 za kwanza za Mkataba wa Stockholm wa 2001, unaodhibiti kemikali sugu duniani, na HCH iliongezwa mwaka 2009. Tanzania iliridhia mkataba huo Aprili 2004.

Kemikali hizi hupanda hewani kukiwa na joto na hutua kukiwa na baridi. Jua likirudi zinapanda tena, upepo unazisogeza, zinatua mbele zaidi. Wataalamu huufananisha mwendo huo na mruko wa panzi. Wanasayansi Frank Wania na Donald Mackay waliueleza mwaka 1993. Mwisho wa safari ni kwenye baridi kali, ambako kuoza kwake ni kwa taratibu mno. Ndiyo maana DDT ilikutwa katika pengwini wa Antaktika miaka ya 1960, mahali ambapo hakuna shamba hata moja. Na ndiyo maana katika miaka ya 1980 maziwa ya akina mama wa Kiinuit wa kaskazini mwa Kanada, walao nyama na mafuta ya wanyama wa baharini, yalikutwa na sumu za viwandani kwa wingi kuliko maziwa ya akina mama wa mijini kusini. Wainuit hawakuzitengeneza wala kuzinunua. Mimi naliita jambo hilo dhuluma, ingawa majarida ya kisayansi hulitaja kwa lugha ya upole.

Huko Alert, kaskazini kabisa mwa Kanada, pampu imekuwa ikivuta hewa kupitia chujio na sifongo tangu mwaka 1992. Wanorwe nao wana kituo chao juu ya mlima Zeppelin, Svalbard. Faida ya subira hiyo imeonekana. China ilipoacha kutumia HCH mwaka 1983, na nchi nyingine kubwa zikafuata, kiasi chake katika hewa ya Aktiki kilishuka. Uamuzi wa serikali ulisomeka hewani, maelfu ya kilomita kutoka mashambani.

Sasa turudi nyumbani. Bonde la Rukwa liko takriban mita 800 juu ya usawa wa bahari, nasi hapa Sumbawanga, Ufipa, tuko kama mita 1,800. Chini joto, juu baridi, na ziwa lenyewe halina mto wa kutokea: kiingiacho kinabaki. Katika milima ya magharibi mwa Kanada, utafiti wa 1998 ulionyesha kwamba theluji ya juu ilikuwa na baadhi ya kemikali hizi mara kumi hadi mia zaidi kuliko ya chini. Sisemi Ufipa ni hivyo; hatuna theluji, na jua letu huozesha sumu haraka zaidi. Nasema swali ni zuri na mahali panafaa. Majirani wamekwisha kuanza: hewa na mvua vya Ziwa Nyasa, upande wa Malawi, vilipimwa mwishoni mwa miaka ya 1990, na Mlima Kenya una kituo cha kupima hewa.

Wala tusidhani historia hii ni ya wakoloni peke yao. Vikuge, Kibaha, ilipokea msaada wa takriban tani 170 za viuatilifu mwaka 1986, vingine vikiwa vimekwisha muda, na wanakemia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwemo Michael Kishimba, walikuja kupima udongo uliochafuka. Na moshi wa plastiki tunazochoma nyuma ya nyumba una dioksini, zilizomo katika orodha ile ile.

Kifaa rahisi cha kunasia kemikali hizi hewani ni sifongo ndani ya mabakuli mawili ya chuma yaliyofunikizana. Hakihitaji umeme. Unakitundika miezi mitatu, unakifunga, unakipeleka maabara. Gharama iko maabara, hilo nisiwafiche. Pia lazima kiwekwe mbali na majalala na nyumba zilizopuliziwa dawa, la sivyo utapima jirani yako.

Kwa hiyo naomba chuo chetu, halmashauri na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu wakae pamoja. Kifaa kimoja kitundikwe milima ya Mbizi na kingine kule bondeni, siku moja, kabla ya mvua za Novemba.