Teja Naye ni Jirani Yetu

(Mazungumzo na viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo)



Nianze kwa kuungama kosa langu. Nilipokuwa padri kijana, mama mmoja aliniletea mwanawe aliyekuwa akitumia unga. Nilimtaka aweke mkono juu ya Biblia na kuapa kwamba hatautumia tena. Aliapa huku akilia, wala sidhani kuwa alinidanganya. Siku ya nne akarudia. Nikamwita mwongo, nikamwondoa katika kwaya. Tangu siku hiyo hakukanyaga tena kanisani.

Nilikosea wapi? Nilidhani uraibu ni tabia mbaya tu, ambayo mtu huivua kama shati chafu. Sivyo. Mtu huanza kwa hiari. Lakini heroini au gongo ikitumika mfululizo hubadili utendaji wa ubongo, na mwili huizoea hata ukaidai. Mtumiaji wa heroini akiikosa hushikwa na kile wakiitacho arosto: mifupa humuuma, jasho humtoka, hutapika, huharisha, hapati usingizi. Hapo hatafuti raha tena, anatafuta nafuu. Je, kiapo kingetibu hayo?

Sisemi kwamba hana wajibu. Hiari yake imejeruhiwa, haikufa. Tumdai atembee, lakini tusimdai atembee peke yake.

Kwanza anahitaji tiba. Mwaka 2011 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kutoa methadoni kwa watumiaji wa heroini, na baadaye huduma hiyo ikafika mikoa mingine. Dawa hii hunywewa mara moja kwa siku mbele ya mhudumu. Hutuliza arosto, ili mgonjwa apate kula, kulala na kufanya kazi. Wapo wasemao kuwa huko ni kubadili ulevi kwa ulevi. Lakini aliyekuwa akihangaika usiku kucha kutafuta kete, sasa anaweza kukaa mezani na watoto wake. Kuhusu pombe, mlevi wa miaka mingi akiacha ghafla anaweza kupata degedege, hata kufa. Basi msimfungie chumbani, mpelekeni hospitali.

Pili anahitaji wenzake. Mwaka 1935, katika mji wa Akron huko Marekani, walevi wawili, Bill Wilson na Bob Smith, walianza kusaidiana wasinywe. Hapo ndipo kilipozaliwa chama cha Alcoholics Anonymous. Wanachama wake hujitahidi kuacha kwa siku ya leo tu. Kesho ina shughuli yake. Hapa kwetu, katika nyumba za upataji nafuu, aliyeacha humshika mkono anayeanza kuacha.

Tatu anatuhitaji sisi. Wengi huacha, wakaanguka, wakaacha tena. Nasi tujue hatari hii: aliyekaa muda bila heroini, mwili wake hauhimili tena kipimo cha zamani, na kipimo hicho chaweza kumwua. Kwa hiyo siku ya kuanguka ndiyo siku ya kumfuata, si ya kumfukuza.

Hapa ndipo penye suala la haki. Teja akiiba sufuria, mtaa hupiga yowe la mwizi na kuokota mawe. Kumbe aliyemwuzia unga hupita mtaani kwa gari zuri, nasi tunampokea mchango wake.

Yule Msamaria hakumfikisha majeruhi nyumba ya wageni akaishia hapo. Alimlipia, akaahidi kurudi. Naomba kila jumuiya iteue watu wawili watakaowasindikiza wagonjwa kwenda kliniki, nao wawe tayari kurudi tena na tena.

Mama wa yule kijana nimemwomba msamaha. Alinijibu, "Padri, mimi mlango sikuufunga." Ndugu zangu, na wa Kanisa tuufungue.