KAZI IKIISHA, BIMA YA MATIBABU ISIISHE NAYO

(Maneno yaliyosomwa kwa niaba ya ofisi ya tawi mbele ya mkutano wa wanachama)



Leo hatukuja kusema juu ya nyongeza ya mshahara. Jambo hilo lina siku yake. Twataka kusema juu ya jambo ambalo mfanyi kazi halifikirii mpaka awe amesimama kwenye dirisha la hospitali, mgonjwa wake amekaa nyuma yake kwenye benchi, naye karani amwambia kwamba bima yake haina kitu.

Mwaka 2025 mwenzetu mmoja alipunguzwa kazi katika kiwanda ambacho hatutakitaja. Alikuwa ametumika miaka 8. Alipewa fedha zake akalipa deni la duka, akalipa karo, akanunua mabati ya nyumba ya mama yake, na ni nani atakayemlaumu? Mke wake alikuwa na mimba ya miezi sita. Siku zilipotimia mama huyo alifikishwa hospitali usiku, na daktari akasema ni lazima apasuliwe. Mtoto alizaliwa salama, twashukuru. Lakini bili ilipotoka ikaonekana kwamba hakuna mchango uliolipwa tangu baba aachishwe kazi. Tena tulipochungua zaidi, tuliona kwamba hata miezi miwili ya mwisho ya kazi yake, fedha zilikatwa kwenye mshahara lakini hazikufika kwenye mfuko. Mama na mtoto walikaa hospitali siku 11 zaidi, na kila siku kitanda kinahesabiwa, mpaka tulipofanya mchango mlangoni siku ya mshahara.

Ndugu, hatutaki kufanya mchango wa namna hiyo tena. Kwa hivyo sikilizeni.

Wengi wetu tuna bima mbili, nasi twazichanganya. Ya kwanza ni ile ya kampuni, ambayo mwajiri huinunua kwa watu wake wote pamoja. Kadi yake ni nzuri na hospitali zake ni safi, lakini si mali yako. Siku jina lako linapotoka katika orodha ya wafanyi kazi, kadi hiyo ni kipande cha plastiki. Ukitaka kuinunua peke yako, bei hupanda, na mara nyingi utaambiwa usubiri miezi mingi kabla ya kulipiwa uzazi au ugonjwa uliokuwa nao zamani. Mwenye sukari au presha aulize jambo hili mapema, kabla ya siku yake ya mwisho kazini.

Bima ya pili ni ile ya serikali. Wazee wanaikumbuka NHIF, iliyoanzishwa mwaka 1966. Katika miaka yake ya mwisho, mtu aliyekosa kazi aliweza kulipa Sh. 500/- kwa mwezi akaendelea. Mlango huo umefungwa. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 tuko chini ya SHA na mfuko wake uitwao SHIF, kwa sheria ya mwaka 2023. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake wote kabla ya makato mengine, wala isipungue Sh. 300/- kwa mwezi. Asiye na mshahara huulizwa maswali juu ya nyumba yake na maisha ya jamaa yake, akapangiwa kiasi chake, naye hutakiwa kukilipa kwa mwaka mzima mbele.

Hapo ndipo watu wetu wanapoanguka. Jina lako katika SHA halifutwi kwa sababu umeachishwa kazi. Wewe ni mwanachama wa mfuko maisha yako yote. Lakini aliyekuwa akikulipia kwa kukata mshahara hayupo tena, na hakuna mtu atakayekuja nyumbani kukuambia. Lazima uende mwenyewe ubadilishe hali yako, kutoka mwajiriwa kuwa mtu anayejilipia. Na maswali yale yajibuni kwa hali mliyo nayo sasa. Tumemwona mmoja aliyejibu kwa fahari kana kwamba bado yuko kazini, akapangiwa mchango wa mtu mwenye kazi.

Tuhesabu kidogo. Mtu wa mshahara wa Sh. 24,000/- hukatwa Sh. 660/- kwa mwezi. Tuseme apangiwe kiasi hicho hicho, kwa mwaka ni Sh. 7,920/-. Ni fedha nyingi kwa mtu asiye na kazi, hatukatai. Lakini Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 40, yasema anayepunguzwa kazi alipwe si chini ya siku 15 kwa kila mwaka aliotimiza. Tukihesabu siku 30 kwa mwezi, mwenzetu wa miaka 8 hupata Sh. 96,000/-, mbali na fedha za likizo na za notisi. Bima ya mwaka mzima ingetoka katika fedha hizo, nazo zisingepungua hata sehemu ya kumi. Itoeni siku ile ile, kabla hamjafika nyumbani, kwa maana fedha zikishafika nyumbani zina wenyewe wengi.

Asiyeweza kulipa kwa mara moja aulize juu ya mpango ulioanzishwa mwaka 2025 uitwao Lipa SHA Pole Pole. Mtu hukopeshwa mchango wa mwaka, akarudisha kidogo kidogo. Ni mkopo, jueni hivyo. Na kama mke wako ana kazi ya mshahara na anakatwa, andikwa chini yake. Yuko ndugu aliyeona haya kufanya hivyo. Haya si dawa.

Hata asiyelipa kitu, asikae nyumbani na mgonjwa. Aliyejiandikisha SHA hutibiwa bure katika zahanati na vituo vya afya vya serikali. Tena Katiba ya 2010, kifungu cha 43, yakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura. Bali kulazwa na kupasuliwa katika hospitali kubwa kunataka mchango uwe umelipwa.

Sasa juu ya waajiri. Fedha zilizokatwa zapaswa kufika kwenye mfuko si baada ya tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Kukata na kutopeleka ni kosa la jinai, si usahaulifu wa karani. Lakini tutajuaje tusipotazama? Pigeni *147# kwa simu zenu mtazame kama mchango umefika. Mkiona haukufika, leteni karatasi ya mshahara ofisini tungali kazini, kwa maana kumshika mwajiri ukiwa ndani ya lango ni rahisi kuliko kumfuata ukiwa nje.

Kifungu kile cha 40 chataka pia chama kipewe habari mwezi mmoja kabla ya watu kupunguzwa. Mwezi huo tumeuacha upite kwa maneno ya nani abaki na nani aende. Tangu sasa ofisi itautumia pia kukagua michango ya kila aliye katika orodha.

Lipo jambo moja ambalo hatujakubaliana, nanyi lazima mliamue. Katika mapatano mapya twataka kudai kwamba mwajiri anayepunguza watu awalipie mchango wa SHIF wa miezi 12, na kadi ya kampuni isifungwe mpaka miezi mitatu ipite. Wengine katika halmashauri wasema afadhali fedha hizo tupewe mkononi, kila mtu aamue mwenyewe. Hoja yao si ya kipuzi, maana mtu mzima haongozwi kama mtoto. Lakini sisi tuliosimama hospitalini siku zile 11 twasema zilipwe moja kwa moja kwenye mfuko.

Karatasi ya kura iko kwa karani wa tawi, naye atazunguka kila idara wiki hii, zamu ya usiku pia. Mwenye shaka juu ya mchango wake abaki baada ya mkutano, aje na kitambulisho na karatasi yake ya mshahara.