Moyo wa Mgonjwa wa Nimonia na Dawa za Dukani

Nimonia ya virusi haiishii mapafuni. Homa na upungufu wa oksijeni huuelemea moyo, na kipimo cha umeme wa moyo, yaani ECG, huweza kuonyesha mapigo ya mbio au yasiyo na mpangilio. Moyo huo ndio tunaouongezea dawa iliyonunuliwa bila cheti! Azithromaisini haiui virusi. Na mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya kuwa yaweza kuvuruga mapigo hadi kuua. Wakati wa UVIKO-19 wengi waliimeza pamoja na haidroksiklorokwini, yenye hatari iyo hiyo. Daktari akiziandika, mtajieni kila dawa anayotumia mgonjwa, mkaulize kama ECG yahitajika. Mgonjwa akizimia, mpelekeni hospitali mara moja.