Simu yenye vioo viwili na majina niliyoapa kuyaficha

Juma lililopita nilikuwa ndani ya kivuko cha Kigamboni, saa saba mchana, jua likiwaka kwelikweli. Abiria wenzangu walikuwa wamezifunika simu zao kwa viganja wapate kuona kilichoandikwa. Mimi nilikuwa nasoma yangu bila taabu. Kijana mmoja akanisogelea akauliza, "Mzee, mbona simu yako imegeuka karatasi?" Hamsini sijaifikisha, lakini sikumkatalia huo uzee.

Simu yenyewe ina vioo viwili. Mbele kipo kioo cha rangi kama cha simu zote mnazozijua. Nyuma, mahali ambapo simu nyingine zina mgongo mtupu, kipo kioo kingine, cheusi na cheupe, kisicho na mwanga wake, na maandishi yametulia juu yake kama ya gazeti. Aliyeniletea ni mpwa wangu, ambaye hufuata bidhaa Guangzhou na kuziuza Kariakoo. "Mjomba," alisema, "unasoma mno kwenye simu na macho unayalalamikia kila siku. Jaribu hii." Kampuni iliyoitengeneza siitaji. Matangazo ya biashara yana kipindi chake hapa redioni, na yanalipiwa.

Kioo hicho cha nyuma kinatumia kitu kiitwacho wino wa elektroniki. Ulibuniwa katika chuo cha MIT huko Marekani, na kampuni ya kuutengeneza, E Ink, ikaanzishwa mwaka 1997. Ndani yake mmepangwa vifuko vidogo mno, kila kimoja unene wake unakaribia ule wa unywele. Katika kila kifuko yamo majimaji yenye chembe nyeupe na chembe nyeusi, nazo zina umeme unaopingana. Simu ikipitisha umeme kidogo, nyeupe hupanda na nyeusi huzama, au kinyume chake. Zikishapanda hukaa hapohapo, na umeme hauhitajiki tena mpaka ugeuze ukurasa. Ndiyo maana betri yangu inakaa siku mbili na zaidi nikitumia upande huo peke yake.

Wa kwanza kujulikana kwa simu ya namna hii walikuwa Warusi, kwa YotaPhone yao iliyoingia madukani mwishoni mwa mwaka 2013. Ya pili ilipokaribia kutoka mwaka uliofuata, Rais Putin alimzawadia Rais Xi Jinping moja mjini Beijing. Zawadi ya rais haikuisaidia kampuni. Mwaka 2019 ilifilisika. Wachina nao wakawa wameshajitengenezea za kwao.

Kasoro zipo, na nisipozisema mtadhani nimehongwa. Ukigeuza ukurasa, kivuli cha ule uliopita hubaki nyuma ya maandishi, kama ubao uliofutwa kwa kifutio kichafu. Picha za video kwenye kioo hicho hazitazamiki. Na usiku umeme ulipokatika kwetu nilijikuta nikiwasha mshumaa ili niisome simu. Mke wangu alicheka mpaka akatoka nje.

Lakini hayo si yaliyonileta mbele ya kipaza sauti leo.

Simu hii ilitengenezwa kwa ajili ya Wachina, na Google iliondoa huduma yake ya kutafuta habari huko China bara tangu mwaka 2010. Kwa hiyo simu zinazouzwa nchini humo haziji na huduma za Google. Wengi wetu hatujui tofauti iliyopo. Mfumo wa Android wenyewe hutolewa bure, na mtengenezaji yeyote anaweza kuuchukua. Lakini duka la programu, ramani, barua, na ile programu iliyojificha inayoziletea nyingine taarifa na kuziambia ulipo, hizo ni mali ya Google na hutolewa kwa mkataba. Waliokuwa na Huawei walianza kuyasikia haya mwaka 2019, Marekani ilipoiwekea kampuni hiyo vikwazo.

Nikaiwasha. Programu ya benki yangu ilikataa kufunguka. Ile ya kuita teksi ilifunguka ikanionyesha ramani nyeupe isiyo na hata barabara moja, utadhani Dar es Salaam imehamishwa usiku. Programu ya ujumbe niliichukua kwenye tovuti ya wenyewe, ikafanya kazi, ila ujumbe ulikuwa unachelewa mpaka niifungue kwa mkono. Kilichofanya kazi bila wasiwasi wowote ni kupiga simu, kutuma ujumbe mfupi wa kawaida, na kutuma fedha kwa kubonyeza nyota, mia na hamsini, nyota. Huduma hiyo haijali simu yako imetoka wapi.

Kisha nikataka kumpigia mtu. Nikafungua orodha ya namba. Ilikuwa tupu.

Msikilizaji, mwandishi wa habari hana shamba wala duka. Mali yake ni namba. Kwa zaidi ya miaka ishirini nimekusanya namba zaidi ya elfu moja na mia mbili: madereva wa wakubwa, walinzi wa hospitali, makuli wa bandarini, makarani wa mahakama, mpishi mmoja wa hoteli anayejua nani kalala na nani kalipiwa. Usiku ule nilijiuliza ni ngapi ninazozijua kwa kichwa. Nilipata nne. Yangu, ya mke wangu, ya mama, na ya simu ya mezani ya chumba cha habari nilikoanzia kazi, ambayo nayo ilikatwa zamani.

Kuzipata nyingine hakukuwa na uchawi. Nilirudi kwenye simu ya zamani, nikaagiza orodha yote iandikwe kuwa faili moja, nikaihamishia huku. Dakika kumi. Lakini katika dakika hizo kumi niliisoma orodha yangu kwa mara ya kwanza tangu nianze kuiandika, na jasho likanitoka.

Nilikuwa nimeandika nini? Sikuandika majina peke yake. Niliandika jina, na mahali mtu anapofanya kazi, na mara nyingine jambo alilonieleza. Fulani wa bandarini, makontena. Fulani wa idara fulani, zabuni. Hawa ni watu waliozungumza nami usiku, wengine kwa kunong'ona, baada ya mimi kuwaapia kwamba majina yao hayatatoka mdomoni mwangu. Na kweli hayakutoka mdomoni. Yalitoka kidoleni. Siku nilipoiwasha simu ya zamani niliweka akaunti yangu na kubonyeza "Nakubali" bila kusoma, na tangu hapo kila jina nililoandika lilikwenda kuhifadhiwa katika kompyuta za kampuni ya kigeni, ng'ambo.

Sisemi kwamba kuna mtu kule California anayekaa akisoma habari za makuli wetu. Sina ushahidi huo. Nasema nilimwahidi mtu siri nikiwa sijui siri hiyo naiweka wapi. Na yeyote ambaye angelijua neno langu la siri, au kuiokota simu yangu ikiwa wazi, angeipata orodha nzima na maelezo yake.

Msinielewe kwamba Mchina ndiye mkombozi. Simu hii nayo, kabla haijanionyesha saa, ilinitaka nifungue akaunti kwao. Nilikataa, ikaniuliza tena kesho yake. Sisi hapa tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na ni jambo jema. Lakini sheria haitamzuia mwandishi mzembe kuandika "makontena" mbele ya jina la mtu.

Kwa hiyo nimepitia orodha jina kwa jina. Ilinichukua Jumamosi nzima na nusu ya Jumapili. Za jamaa, mafundi, wauza samaki na wakubwa wanaojulikana na kila mtu nimeziacha zilivyo. Arobaini na moja nimezifuta katika simu zote mbili na katika akaunti. Nasema nimezifuta, kompyuta yenyewe iko ng'ambo na sikwenda kuiangalia. Tena najua kampuni za simu zina kumbukumbu ya nani alimpigia nani, na baadhi ya watu hao wameniandika mimi katika simu zao kwa jina langu na kazi yangu. Wanane kati yao nimekwisha kwenda kuwaona kwa miguu yangu na kuwaeleza. Saba walinielewa. Mmoja alinisikiliza mpaka mwisho, akasema "haya", na tangu siku hiyo hapokei simu yangu.

Mpwa wangu alinipigia juzi. "Mjomba, unaipenda, au niitafutie mteja?" Nimemwambia aiache. Maneno haya ninayowasomea yako kwenye kioo chake cha nyuma, nacho hakichakarishi mbele ya kipaza sauti kama karatasi. Zile namba arobaini na moja nimeziandika kwa kalamu kwenye daftari la shule. Daftari hilo haliko hapa studio, wala haliko nyumbani kwangu.