Fedha za Kikundi na Hisa za Simu

Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia, Milimani, Nakuru



Katika vikundi tunavyotembelea tunaulizwa sana swali hili: "Tuache kugawana pesa, tununue hisa kwa simu?" Si swali baya. Ebu tulipime pamoja.

Kwanza, hisa ni nini? Ni kipande cha kampuni. Kampuni ikipata faida, unaweza kugawiwa. Ikianguka, unaanguka nayo.

Faida ipo. Zamani, katika Soko la Hisa la Nairobi ilibidi mtu aanze na hisa 100. Tangu Agosti 2025 unaweza kununua hata moja, na programu za simu zimetupunguzia safari za kwenda kwa wakala. Mgao nao ni pesa kweli. Kwa mwaka ulioishia Machi 2025, Safaricom ilitoa shilingi 1.20 kwa kila hisa. Mwenye hisa 100 alipata 120, kodi ya asilimia 5 ikachukua 6, akabaki na 114.

Sasa tuangalie upande wa pili. Mwaka wa 2008 Safaricom hiyo hiyo iliuzia umma hisa kwa shilingi 5. Wakenya wengi walikopa benki ili wanunue. Mwanzoni mwa 2009 bei ilikuwa chini ya shilingi 3, na mkopo bado unadaiwa. Ni kweli, aliyevumilia alifurahi, kwani mwaka wa 2021 bei ilipita 40. Lakini aliyehitaji karo mwaka ule wa 2009 angengojaje? Na Mumias je? Iliuzia umma hisa mwaka wa 2001. Mwaka wa 2019 benki iliyokuwa ikiidai ikaiwekea msimamizi. Hapo kungoja hakukumsaidia mwenye hisa.

Kuna ada pia. Tuseme mnakatwa shilingi 2 kwa kila 100 mnaponunua, na 2 tena mnapouza. Elfu moja yenu imepungua 40 hivi kabla hamjaona hata senti ya faida. Mkinunua na kuuza kila wiki kwa sababu simu imerahisisha mambo, anayeshiba ni wakala.

Lakini kwetu sisi wa vikundi jambo kubwa zaidi ni hili: simu ni ya nani? Hisa huandikwa kwa jina la mwenye akaunti. Mwekahazina akinunua kwa simu yake, zinasomeka ni zake. Akifariki, au mkikosana, kikundi kitaonyesha karatasi gani?

Kwa hivyo tunawashauri hivi:

1. Pesa yenye kazi yake, kama ya mbegu, karo, matibabu au mikopo ya wanachama, isiguswe.

2. Msikope ili kununua hisa.

3. Hakikisheni wakala ana leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji.

4. Akaunti iwe kwa jina la kikundi kilichoandikishwa, na uamuzi uandikwe katika kumbukumbu za mkutano. Ikishindikana, kila mtu anunue kwa jina lake na kwa pesa yake.

Anayetaka kujifunza aanze na hisa chache, aone bei ikipanda na kushuka.

Katika mkutano wenu ujao ulizaneni: pesa hii ikikaa miaka mitano bila kuguswa, kuna mwanachama atakayelala njaa? Akiwepo hata mmoja, jibu mnalo.